Nyumba Yenye Nyoka na Muuzaji Aliyenyamaza

Mtu anauza nyumba. Mbao zake zimeoza kwa ndani, nyoka huonekana vyumbani, na hakuna anayejua ila yeye. Mnunuzi haulizi. Je, ni lazima aambiwe? Cicero alimwekea mwanawe swali hili mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu chake De Officiis, akiwapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa.

Diogenes wa Babeli alimtetea muuzaji: kunyamaza si kuficha, na aliyetangaza nyumba hakumlazimisha mtu kuinunua. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarso, alikataa katakata. Kumwacha mtu atumbukie hasarani huku unamtazama, alisema, ni kubaya kuliko kumnyima njia aliyepotea. Cicero alisimama na Antipater, na alikuwa na haki. Utetezi wa Diogenes unafaa kwa ufa ambao kila mpita njia anauona. Kwa ubovu uliojificha hauna nguvu.

Tena Cicero alikuwa na kesi halisi mkononi. Makuhani wa Roma waliosoma ishara za ndege walimwamuru Claudius Centumalus abomoe sehemu ya nyumba yake kwenye kilima cha Caelius, kwa kuwa urefu wake uliwazibia anga. Akaiuza upesi. Calpurnius Lanarius aliyeinunua akapewa amri ileile, akabomoa, kisha akagundua kwamba mwenzake alikuwa ameshaambiwa kabla ya kuuza. Hakimu Marcus Cato aliamua: alijua, hakusema, na alipe hasara.

Mkazi wa Dar es Salaam haoni ugeni wowote hapo. Anazijua nyumba zilizopigwa X nyekundu kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kando ya Barabara ya Morogoro nyingi zilibomolewa mwaka 2017. Kopo moja la rangi latosha kuifunika X kabla dalali hajaleta mteja, na amri ya kubomoa inabaki palepale.

Waislamu wanalo simulizi la Mtume Muhammad sokoni. Alipenyeza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu sehemu iliyolowa, watu waione. Mvua yenyewe hakulaumiwa kwayo.

Ndiyo maana fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, humpa mnunuzi hiari ya kurudisha mali aliyoikuta na kasoro ya tangu kwa muuzaji. Na muuzaji akiweka sharti kwamba asidaiwe kasoro yoyote baadaye? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, sharti hilo humwokoa kwa ubovu wa ndani ya mnyama ambao hata yeye hakuujua, kwani maradhi ya ng'ombe huweza kumpita mfugaji. Muuzaji wa nyumba hapewi nafuu hiyo.