Nunua Lenye Namba Kwanza

Mwanangu,

Picha za mawe ulizonitumia nimeziona zote: la njano la Ubelgiji, la kijivu la Kyoto, na yale ya kiwandani yenye namba ubavuni. Unauliza lipi ununue kwa ajili ya ule wembe wa kukunja uliorithi, na umeniambia kwamba rafiki zako wanaapa jiwe la asili ndilo jiwe. Jibu langu ni fupi: nunua ya kiwandani, mawili, la 1000 na la 8000, basi. Sababu zake ndizo ndefu, na ninakuandikia kwa kuwa najua kijana akipewa jibu tupu huenda dukani akanunua kinyume chake.

Anza kwa kuujua wembe wenyewe. Kisu cha jikoni pembe yake inashikwa na mkono wako. Wembe wa kukunja hujishikia wenyewe. Unaulaza bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote viguse, halafu unausukuma makali yakitangulia. Mafundi wa Solingen na Sheffield waliulinganisha unene wa mgongo na upana wa ubapa ili pembe ya makali itoke karibu digrii 16 au 17. Mgongo nao unaliwa kidogo kidogo pamoja na makali, ndiyo maana wembe wa babu unanolewa hadi leo na pembe yake haijapotea. Wapo wanaobandika utepe wa fundi umeme mgongoni ili usichakae. Kwa wembe wenye nakshi sina neno, lakini ukibandika leo utabandika kila siku, maana pembe imeshapanda.

Sasa, kazi yote iko kwenye jiwe la 1000. Hili nitalirudia mpaka uchoke. Hapo ndipo pande mbili za wembe zinapokutana na kuwa mstari mmoja, kuanzia kisigino hadi ncha. Zisipokutana hapo, hata ukipanda hadi 12000, hata ukimalizia kwa jiwe la bei ya pikipiki, utakuwa unang'arisha ubutu. Ukitaka kujua, shika wembe chini ya taa, makali yakikutazama, uugeuzegeuze polepole. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona kijimstari kinachometa, hata cha urefu wa punje ya mchele, hapo pande bado hazijakutana. Rudi kwenye jiwe. Kisha pitisha wembe kwenye vinyweleo vya mkono, usawa wa ngozi, kipande kwa kipande. Vikatike kwa kisigino, katikati na ncha sawasawa. Wembe wa zamani mara nyingi unagoma nchani, kwa sababu aliyeutumia kabla yako alikuwa akiuinua mwishoni mwa kila mpito.

Namba nazo zina fitina yake. Ukisoma 1000 kwenye jiwe la Kijapani, chembe zake ni kama maikroni 11 na nusu. Msasa wa Ulaya ulioandikwa P1000 una chembe za maikroni 18. Na unga wa kunolea ulioandikwa F1000 una maikroni 4 na nusu. Elfu tatu hizo, kila moja na mambo yake! Kwa hiyo mtu akikwambia "anza na elfu," muulize elfu ya nani. Mimi nikisema 1000 na 8000 nasema za Kijapani. Hiyo 8000 chembe zake ni kama maikroni 1.2, wakati unywele wa kichwani kwako unakaribia maikroni 70.

Mawe haya ya kiwandani hayana umri mkubwa. Mwaka 1891, Mmarekani Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi bandia kwa tanuri la umeme, akapata vifuwele vigumu vya kabidi ya silikoni, akaviita Carborundum. Siku hizi mawe mengi ya wembe yanatumia oksidi ya alumini. Chembe zinachambuliwa zikae ukubwa mmoja, kisha zinashikamanishwa: mengine kwa kuchomwa tanurini kama vigae, mengine kwa gundi ya kemikali, mengine kwa magnesia. Uliza muuzaji lako ni la aina gani, kwa sababu la magnesia ukiliacha ndani ya beseni la maji usiku kucha linaweza kupasuka, na lipo jingine ambalo bila kulowekwa halifanyi kazi.

Faida ya chembe za ukubwa mmoja ni kwamba jiwe linakunyima kisingizio. Wembe ukikataa kunyoa baada ya 8000 yenye jina la kuaminika, tatizo ni mkono wako au ulilipua kazi kwenye 1000. Hakuna sababu ya tatu. Unarudi, unarekebisha, unajifunza. Anayeanza na jiwe la asili ana mashaka mawili kwa wakati mmoja, mkono asioujua na jiwe asilolijua. Ni sawa na kujifunza kupika pilau kwenye jiko ambalo hujui moto wake unapanda saa ngapi.

Usinielewe vibaya, nayapenda mawe ya asili. Lile la njano, Coticule, linatoka kwenye milima ya Ardennes huko Ubelgiji, sehemu za Vielsalm na Salm-Château, na vinyozi wa Ulaya wamelitumia kwa karne nyingi. Tabaka lake la njano ni jembamba, ndiyo maana vipande vingi vimeshikanishwa na jiwe jeusi kwa chini. Kinachokata ndani yake ni ganeti, vito vidogo sana vyenye umbo la kukaribia duara. Havichimbi chuma kwa kina, vinakiparua juu juu, na hapo ndipo ilipo sifa yake ya kuacha makali yasiyouma shingoni.

Namna ya kulitumia inahitaji macho kuliko nguvu. Unatia maji, unasugua kwa kipande kidogo cha jiwe hilohilo mpaka litoke rojo kama tui zito. Unapitisha wembe; baada ya muda rojo linaanza kuwa la kijivu, hicho ni chuma chako. Katika rojo zito jiwe linakula haraka, lakini chembe zinazoelea zinagongana na makali uso kwa uso, kwa hiyo yanafika mahali hayasogei tena. Basi unadondosha tone la maji, unapitisha tena, tone jingine, unapitisha tena, rojo likipungua mpaka umalize kwa maji matupu. Hapo tazama maji yanayosukumwa mbele ya wembe. Mwanzoni yanakimbia mbele yake. Makali yakishalala vizuri juu ya jiwe, maji yanapanda juu ya ubapa, kwa sababu chini hayana pa kupita. Mwenye mkono mzoefu anaweza kwenda kutoka mwanzo hadi mwisho kwa jiwe hilo moja. Mwanafunzi atakesha, kwani hajui amekwamia tone la ngapi.

Ya Japani, yaliyochimbwa milima ya kando ya Kyoto, ni hadithi nyingine ya bei. Machimbo mengi yamefungwa, kwa hiyo kinachouzwa ni akiba, na muhuri wa chimbo fulani unaweza kubandikwa na yeyote mwenye wino. Mawe mawili kutoka mlima mmoja yanaweza kutofautiana kama ndugu wa baba mmoja, mmoja mpole na mwingine ana mishipa migumu inayokwangua wembe. La Arkansas, Marekani, ni gumu na linafanya kazi taratibu mno. Zuri kwa mwenye subira. Ya Thuringia, Ujerumani, ya zamani ni mazuri ajabu na bei yake inanifunga mdomo.

Ukweli ambao wauzaji hawausemi: wembe uliotoka 8000 au 12000 ya kiwandani, ukapitishwa vizuri kwenye mkanda wa ngozi, unanyoa ndevu vizuri kabisa. Tofauti iliyobaki ipo, ila ni ya ladha. Mkanda wenyewe ni kinyume cha jiwe, mgongo unatangulia na makali yanafuata, na ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake. Ukigeuza upande wa makali utaukata mkanda na kuharibu kazi ya jioni nzima.

Jiwe lolote, la asili au la namba, linaingia bonde katikati. Chora miraba kwa penseli juu yake, lisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kinene, na usiache mpaka mistari yote ifutike. Jiwe lenye bonde linaharibu wembe kuliko kutonoa kabisa.

Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nakupa, lakini kwa sharti: wembe huu ni wa ndevu zako tu. Najua una kiti chako pale saluni na wateja wataukodolea macho. Kwao endelea na wembe wa kubadilisha, mpya kwa kila kichwa, mbele ya macho yao. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkanda wa ngozi hauchemshwi. Atakayekwambia vinyozi wa zamani walinyoa mtaa mzima kwa wembe mmoja, mwambie ndiyo, na kwamba kazi imebadilika kwa sababu nzuri.

Nunua hayo mawili, na kioo kidogo cha kukuza cha fundi saa. Noa, nyoa, noa tena, kwa mawe hayohayo, bila kutafuta la tatu. Ukishaweza kuniambia, kabla hujaugusisha shavuni, kwamba wembe wa leo utavuta karibu na ncha, njoo nyumbani. Coticule langu lipo, utalijaribu kwa wembe wako kabla hujatuma fedha Ubelgiji.