Mbio na Upepo



Mtume Paulo alitufananisha na watu washindanao kwa mbio. Basi na tuyatazame magari ya mbio, maana hata katika kazi za mafundi mna mafundisho.

Hapa Kibamba twayaona malori yakipita barabara ya Morogoro. Mengine yana ubao uliopindwa juu ya chumba cha dereva. Si pambo. Upepo ukikuta shehena iliyosimama kama ukuta, huisukuma nyuma. Ukikuta mgongo ulioinama, huteleza na kupita. Hata mpanda baiskeli huinama ashindanapo na upepo, wala hakufundishwa na mtu.

Gari likizidisha mwendo mara 2, upepo hulipinga mara 4, na nguvu ya injini itakiwayo kuushinda huwa mara 8. Kwa hiyo mafundi hawaongezi injini tu, bali huondoa kila kijitokezacho bure. Mwaka 1947 Mwingereza John Cobb alipita kilometa 630 kwa saa huko Marekani, katika gari lililofunikwa lote, hata magurudumu.

Kadhalika sisi. Aendaye polepole katika imani hausikii uzito wa kiburi chake. Bali azidishaye bidii huona jinsi majivuno na kinyongo vinavyomrudisha nyuma. Mwalimu aliyekosana na mzee wa kanisa aweza kuongeza mikutano, na usharika usisogee. Basi tusiombe nguvu mpya tu. Tujiulize pia, ni nini kwangu kinachoukamata upepo?

Lakini angalieni. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na njia za wanyama. Katika mbio hizo madereva walizoea kufunga vyuma na taa kubwa mbele ya magari yao. Vitu hivyo hukamata upepo, lakini asiye navyo aweza kumgonga mnyama gizani, asifike kabisa.

Wako ndugu ambao, wakitafuta wepesi, huacha sala na kukataa maonyo ya wenzao. Hiyo si mizigo. Ndiyo taa na vyuma vyetu. Tuweke kando kinachotuzuia, tukishike kinachotulinda, tupate kufika.

Bwana atupe macho ya kupambanua. Amina.