Hofu ya Hasara na Hofu ya Kuchekwa

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Aliyeikimbia hatari alirudi nyumbani mzima akacheka na wanawe. Aliyesimama imara aliletwa maiti. Katika biashara, hata hivyo, naona mambo yamegeuka. Anayethubutu kufungua duka, kisha duka likafa, hapelekewi kilio bali kicheko. Kicheko hicho, ndugu msomaji, ndicho ninachotaka tukitafakari.

Wengi wanaosema, "Naogopa kuanza biashara nisije nikapoteza," huwa wamefunga hofu mbili katika neno moja. Ya kwanza ni hofu ya hasara, na ya pili ni hofu ya kuchekwa. Hazina tabia moja, wala hazistahili jibu moja.

Hofu ya hasara ni ya haki. Mtu mwenye akiba ndogo, anayejua kuwa fedha ile ile ndiyo ada ya shule na ndiyo dawa ya mgonjwa, si mwoga anapojiuliza mara mbili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu huumizwa zaidi na kupoteza kiasi fulani cha fedha kuliko anavyofurahishwa na kupata kiasi hicho hicho. Maumivu hayo yana faida yake, maana humfanya mtu ahesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye kuogopa kupoteza hulifungua daftari lake kila jioni.

Hofu ya kuchekwa haihesabu, huficha. Niliyaona hayo katika miaka ya 1990, wakati mashirika mengi ya umma nchini Tanzania yalipopunguza wafanyakazi. Karani mmoja wa mtaani kwetu alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka dogo. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha wateja waliokopa hawakulipa, na bidhaa zikaanza kupungua. Siku moja niliomba sabuni, naye akanijibu kuwa imekwisha, ingawa nyuma yake maboksi ya sabuni yalikuwa yamepangwa hadi juu. Yalikuwa matupu. Alipofunga duka tulifahamu kwamba alikuwa amekopa kwa watu watatu ili duka lisionekane linakufa. Binti yake alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada.

Hasara peke yake ingemgharimu kiinua mgongo. Deni la watu watatu aliongezewa na aibu.

Je, lawama ni ya nani? Kwa sehemu ni yake, kwani waliomkopesha walistahili kuambiwa ukweli. Lakini maboksi yale hakuyapanga kwa ajili yake mwenyewe. Aliyapanga kwa ajili ya macho ya mtaa, mtaa ambao alikwisha kuuona ukimfanyia mzaha kinyozi aliyefunga kibanda kabla yake.

Sheria ilijifunza mapema kutenganisha kushindwa na uovu. Uingereza iliwafunga gerezani watu walioshindwa kulipa madeni, hadi sheria ya mwaka 1869 ilipoondoa sehemu kubwa ya adhabu hiyo. Mwaka 1897, katika kesi ya Salomon, mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni iliyosajiliwa ni mtu mwingine, mbali na mwenye hisa zake. Kanuni hiyo nasi tumeirithi. Lakini mwenye kibanda hana kampuni. Duka ni yeye, na yeye ni duka. Likifa, jina lake ndilo linalozikwa. Ukuta ambao sheria haikumjengea, majirani tu ndio wawezao kumjengea.

Pengine mtu atauliza: tusipocheka, hatutawalea wazembe na matapeli? La hasha. Mzembe aonywe na tapeli ashtakiwe. Kicheko hakiwarudi hao, kwa sababu tapeli hana haya. Kinayemwumiza ni mwenye haya, yaani yule yule ambaye tungependa afanye biashara nasi.

Kwa hiyo anayeanza, na aandike kabla ya siku ya kwanza kiasi anachoweza kukipoteza bila kumnyang'anya mtoto ada, kisha amwonyeshe mwenzi wake au mtu anayemwamini. Kiasi hicho kikifika, afunge mchana kweupe na kulipa kwanza anachodaiwa. Nasi tulio jirani tumwendee kama tunavyokwenda msibani: pole kwanza, maswali baadaye. Yamkini aliyepewa pole atafungua tena, naye kijana anayetazama kutoka ng'ambo ya barabara, akiwa na akiba yake mfukoni, atakuwa amebakiwa na hofu moja tu ya kupima, ile ya haki.