Ruhusa ya Dawa Huisha Lini?

Al Jaddaf, ukingoni mwa Khor Dubai, palijulikana kwa kuunda na kukarabati majahazi zamani kabla ya Maktaba ya Mohammed bin Rashid kufunguliwa hapo mwaka 2022 kwa umbo la marufaa ya msahafu. Awamu ya pili ya Jiji la Afya la Dubai nayo iko mtaa huu. Jahazi likipandishwa nchi kavu kutengenezwa huegemezwa kwa magadi, na kazi ikiisha magadi huondolewa. Omeprazoli na dawa za jamii yake, zinazopunguza asidi ya tumbo, zinatuuliza swali la namna hiyo: ruhusa iliyokuja kwa sababu ya haja, hubaki ruhusa haja ikiondoka?

Naona haibaki, na sisemi hivyo kwa kuichukia dawa. Tangu ianze kuuzwa mwaka 1988, omeprazoli imewaepusha wengi na kisu cha upasuaji. Mwenye kidonda cha tumbo, au mzee anayemeza aspirini ya moyo na aliyewahi kuvuja damu tumboni, ana haja ya kweli, pengine ya maisha. Kuiacha kwa maneno ya barazani ni kujidhuru. Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake la Jeddah la mwaka 1992, kiliipanga tiba kwa daraja: ni wajibu pale kuiacha kunapoangamiza nafsi au kiungo, na ni makruhu inapohofiwa kuleta madhara makubwa kuliko yale inayoyaondoa. Kwa hiyo hukumu hufuata hali ya mgonjwa, na hali hubadilika. Mafakihi wanasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kwa kiungulia cha kawaida, kadiri hiyo huwa wiki nne hadi nane.

Atatokea wa kusema: nikiacha tu, moto unarudi, basi haja ingalipo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2009 uliwachukua watu 120 wazima wasio na kiungulia. Waliopewa esomeprazoli, dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa wiki nane kisha wakasimamishwa, asilimia 44 walipata dalili za asidi. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 15. Yaani dawa inaweza kuizaa yenyewe haja inayotumiwa kuitetea, na ndiyo sababu madaktari wengi huipunguza polepole. Mwingine atasema madhara yake yametiwa chumvi. Kwa kiasi kikubwa ni kweli: jaribio la pantoprazoli, nayo ya jamii hiyo, lililochapishwa mwaka 2019, lenye watu zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa kama miaka mitatu, liliona tofauti ya wazi katika maambukizi ya utumbo tu. Lakini wapo wanaoimeza miaka kumi, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba matumizi ya muda mrefu yanaweza kushusha magnesiamu mwilini. Hatari ndogo huvumilika ikiwa na faida mbele yake. Isipokuwa na faida, haina wa kuitetea.

Hoja nzito zaidi ni kwamba daktari ndiye aliyeandika, basi dhima ni yake. Ni yake, ila si yake peke yake. Kwa sheria ya Dubai ya mwaka 2013, bima ya afya ya mfanyakazi hutoka kwa mwajiri. Kazi ikibadilika, kadi hubadilika na zahanati pia. Daktari mpya anaikuta dawa kwenye orodha, anaiendeleza kwa nia njema, na hakuna aliyepewa kazi ya kuimaliza. Aliyekuwepo tangu kidonge cha kwanza ni mgonjwa, na mwili ni amana mikononi mwake. Katika amana hiyo mna hata namna ya kumeza: nusu saa kabla ya chakula, maana dawa hufunga pampu za asidi wakati chakula kinapoziamsha. Anayeimeza baada ya futari ili kutuliza tumbo alilolishindilia ameikosa kazi ya dawa, na ameiacha adabu ya kuligawa tumbo theluthi tatu, ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi, aliyoifundisha Mtume (s.a.w.).

Basi wewe unayeimeza bila kukumbuka ilianzia wapi, usiiache ghafla na usiongeze pakiti nyingine. Nenda kwa daktari au mfamasia, muulize ni ya ugonjwa gani na inaisha lini. Ukiona choo cheusi, unakonda bila sababu au chakula kinakwama kooni, nenda leo.