Chema Chajiuza, Lakini Kikae Wapi?

Wahenga walituachia methali ambayo kila msanii amewahi kurushiwa usoni: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukilalamika kwamba picha zako hazinunuliwi, utaambiwa hivyo. Ukilalamika kwamba gauni ulilolihangaikia wiki nzima bado linaning'inia chumbani, utaambiwa hivyo hivyo, tena na shangazi yako mwenyewe. Maana yake ni kwamba kazi ingekuwa nzuri, wateja wangeifuata. Haikufuatwa? Basi jaza mwenyewe.

Naipenda methali hii, ila naona ina tundu. Haisemi hicho chema kinakaa wapi wakati kinajiuza. Aliyeitunga, nadhani, alikuwa na baraza lake.

Hapa Babati swali hilo linatugusa moja kwa moja. Mji wetu umekaa njia panda. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo Waingereza waliiota itoke Cape hadi Cairo, inatupitia katikati. Huku unakwenda Arusha, huku Singida, huku Kondoa hadi Dodoma kwa lami iliyozinduliwa 2018. Tangu 2002 sisi ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mtu wa mji wa namna hii akipata pesa kidogo anajenga fremu. Kiwanja kikigusa barabara tu, zinapanda fremu tatu au nne, milango ya chuma, kibaraza mbele. Nyingine zinapata wapangaji. Nyingine zinakaa na kufuli mwezi baada ya mwezi, mlangoni pameandikwa kwa rangi kwamba fremu inapangishwa, na namba ya simu chini yake. Mwenye nayo anataka kodi ya miezi sita mkononi, wakati mwingine ya mwaka mzima. Kijana anayechora hana hela hiyo. Dada anayebuni mishono ya vitenge hana pia. Basi fremu inabaki imefungwa, na kazi nazo zinabaki zimefungwa, kila moja kwake.

Ndiyo maana miongoni mwetu tunaohangaika na sanaa hapa mjini kuna wazo linazunguka. Tuwaombe wenye fremu zilizofungwa watuazime. Tupige deki, tupake chokaa, tutundike picha ukutani, tusimamishe midoli miwili mitatu iliyovalishwa mishono ya mafundi wetu, na taa moja iwake jioni watu wakitoka sokoni. Vioo vikubwa kama vya mijini huko hatuna, lakini mlango ukiwa wazi na taa ikiwaka, hicho ni kioo tosha. Mpangaji wa kulipa akipatikana, tunakunja vyetu tunahama.

Ukilisikia mara ya kwanza, unasema jamani, hili lina ubaya gani? Kila mtu anafaidi. Mimi pia nililishabikia, na bado nalitaka. Ila kadiri nilivyozungumza na watu ndivyo nilivyoona kwamba ndani yake kuna swali la haki, na tusipolijibu kabla ya kufungua milango tutakuja kulijibu kwa ugomvi.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Babati. Kule Newcastle, Australia, kiwanda cha chuma cha BHP kilichoulisha mji ule kwa miaka mingi kilifungwa 1999, na maduka mengi ya katikati ya mji yakawa matupu. Mwaka 2008 bwana mmoja, Marcus Westbury, akaanzisha shirika lililoitwa Renew Newcastle. Hawakununua majengo wala hawakuyapanga. Waliyaazima kwa wenyewe, wakawapa wachoraji, wabunifu wa mavazi na mafundi wa kila aina bila kodi ya pango. Makubaliano yalikuwa ya siku 30 yanayojirudia: mwenye jengo akipata mpangaji wa kulipa, msanii anapewa notisi na kuondoka. Mitaa ikachangamka. Kitabu cha wasafiri cha Lonely Planet kikautaja mji ule kati ya miji kumi ya kutembelewa mwaka 2011. Wapo waliokuzia biashara zao humo wakafika mahali pa kulipa pango kama watu wengine.

Sasa tuulize: nani alimfadhili nani? Mwenye jengo alitoa chumba ambacho kilikuwa hakimwingizii hata senti. Msanii alitoa kazi yake, muda wake, rangi yake, na zaidi ya vyote alitoa macho ya watu. Mtaa uliokuwa unaogopwa saa mbili usiku ukawa mtaa wa kupita. Thamani ya jengo ikapanda. Siku notisi inapokuja, thamani hiyo inabaki na jengo, na msanii anaondoka na maboksi yake. Hakuibiwa, maana alikubali. Lakini kukubali kwa mtu ambaye hana pengine pa kwenda ni kukubali kwa namna gani?

Nilimpelekea wazo letu mzee mmoja mwenye fremu kadhaa. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sina shida na picha. Shida yangu ni kutoka. Mkiingia bure, siku ya kutoka mtaniona mbaya." Alikuwa na haki. Sisi tulizungumzia kuingia tu. Yeye, mwenye mali, alishafika kwenye siku ya kuachana. Nami nikaona kwamba kinachomtisha yeye ndicho kinachopaswa kututisha sisi, ila kutoka upande wa pili wa mlango. Fadhila haina risiti. Huwezi kupatana bei na mtu anayekufadhili, huwezi kumwambia paa linavuja, huwezi kumwomba wiki mbili zaidi. Unabaki kushukuru. Na wahenga hao hao walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kuna mtu mwingine ambaye tulimsahau kabisa: mama wa vitenge wa fremu ya jirani. Yeye analipa pango, leseni ya biashara, mapato ya TRA. Anaamka asubuhi anakuta mlango wa pili kuna gauni la kitenge linauzwa na mtu asiyelipa pango. Ukimwambia "lakini hii ni sanaa, mama," atakuuliza gauni lake yeye ni nini. Na mimi sina jibu, kwa sababu jibu halipo. Aliyechagua kitenge kile, akakipanga rangi na rangi mlangoni hadi wewe ukageuza shingo, naye amebuni kitu.

Hapo ndipo neno "msanii" linapoanza kunitia wasiwasi. Desemba 2018 Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na waliokuwa navyo wakapumua, wakapanga bidhaa barabarani na kwenye vibaraza vya maduka. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwapanga machinga katika maeneo maalumu, na vibanda vya mbele ya maduka vikaondolewa katika miji mingi. Sitaki kurudia mjadala ule hapa. Wenye maduka walikuwa na hoja, waenda kwa miguu walikuwa na hoja. Ninachosema ni kwamba tukio ni lile lile moja: mtu mwenye kitu cha kuonyesha anatafuta pa kukionyesha, mbele ya duka lisilo lake. Akiitwa machinga, anaambiwa aondoke. Akiitwa msanii, anakaribishwa ndani na kuwashiwa taa. Kama kioo chetu kitamkaribisha mchoraji kwa sababu amesoma na anajua kuongea na mwenye fremu, halafu kimwache nje kijana anayeuza batiki alizochapa mwenyewe uani kwao, basi tumegawa vyeo tu, na mtu mwenye kipaji hajapata nafasi.

Na historia ya sanaa yetu inatuonya. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alifika Dar es Salaam akafanya vibarua vya kila namna kabla ya kuanza kuchora mwaka 1968 hivi. Alichora kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za kujengea. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji. Hakuwa na ghala la sanaa wala barua ya mwaliko. Alikuwa mtu wa pembeni ya duka. Kwa lugha ya leo angeitwa machinga. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake wakaendelea, jina lake likawa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho makazi yake ni pale pale Morogoro Stores.

Watu hutumia kisa hiki kuthibitisha methali: unaona, chema kilijiuza. Mimi nakiona vingine. Picha ya simba ya Tingatinga isingejiuza Tunduru. Isingejiuza hata Dar kama ingebaki uvunguni. Ilijiuza kwa sababu ilipata kipande cha ardhi kinachopitiwa na watu wenye hela, na kwa sababu aliyekuwa na uwezo wa kuifukuza pale hakuifukuza. Nusu ya uzuri ni mkono, nusu ni mahali. Na wanafunzi wake walilielewa hilo kuliko sisi tunaowasifu, maana walichokipigania ni kukaa pamoja, mahali pamoja, chini ya jina ambalo mtu mmoja mwenye duka hawezi kuwanyang'anya.

Kwa wabunifu wa mavazi kuna jambo jingine ambalo wachoraji huwa hatulifikirii. Picha ikionekana, mchoraji anafaidi. Mshono ukionekana, mara nyingi umekwisha. Nilimweleza wazo letu dada mmoja fundi cherehani anayeshonea kibarazani, akacheka. "Kioo hicho ni changu au cha wenye simu?" Anajua anachosema. Mteja atasimama, atapiga picha gauni mbele na nyuma, atakwenda kwa fundi mwingine wa bei nafuu na kumwambia, nishonee kama hii. Ndivyo tunavyoishi na mishono, sote tumewahi kwenda kwa fundi na picha ya gauni la mtu. Kwa hiyo tunapomwambia dada huyu kwamba "utaonekana" kana kwamba hayo ni malipo, tunamwomba afanye kazi mara mbili: ashone kwa gharama yake, kisha augawe ubunifu wake bure kwa kila mpita njia. Kuonekana kunaweza kuwa mbegu. Lakini anayeitoa mbegu ni yeye, na haki ya kusema inapandwa lini ni yake.

Kuna wanawake ninaowaona siku za mnada, Wabarbaig wenye sketi za ngozi zilizopambwa shanga na bangili za shaba nyeupe na nyekundu mikononi. Kazi ile haijawahi kuhitaji fremu. Inatembea na mwenyewe, na anayetaka kuitazama analazimika kumtazama na aliyeivaa, amsalimie, asikie akijibiwa. Siku tukiichukua sketi ile tukaitundika nyuma ya mlango wenye taa, tutakuwa tumemtoa mtu tukabakiza kitu. Labda mwenyewe atakubali, labda atataka iwe hivyo kwa bei anayoijua yeye. Lakini lazima aulizwe, na jina lake liandikwe pale kama linavyoandikwa la mchoraji. Kibao kinachosema "sanaa ya asili ya Manyara" kinamwibia hata kama hakuna shilingi iliyobadilishana mikono.

Basi, tufungue au tusifungue? Tufungue. Chumba kilichofungwa hakimsaidii mtu, na vijana wenye vipaji mji huu unao. Ila tusiombe fadhila, tuombe mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Uandike kwamba tunaingia bila kodi ya pango na kwamba usafi, rangi na umeme ni juu yetu, ili mzee wangu asiwe na hasara. Uandike notisi ya siku zinazotosha mtu kumaliza oda alizochukua. Uandike kwamba tukiifanya fremu ivutie na mpangaji akaja, wa kwanza kuulizwa kama anaiweza kodi ni aliyekuwamo. Mama wa vitenge aulizwe kabla, na kama anataka kuweka mdoli wake mmoja ndani, auweke. Kijana wa batiki apate zamu sawa na mwenye cheti. Dada fundi aonyeshe mshono anaoutaka yeye, na ule mwingine aufiche hadi mteja wa kulipa aje.

Mzee akikataa karatasi hiyo, tutakuwa tumejua mapema kwamba alichotaka ni walinzi wa bure wenye brashi. Akiikubali, nitakuwa wa kwanza kushika ufagio.

Methali nayo tuiache ilivyo, ni ya wakubwa zetu. Mtu akinirushia tena kwamba chema chajiuza, nitamwitikia ndiyo, ni kweli kabisa, halafu nitamuuliza kama anayo fremu.