YONA NAYE ALILIPA NAULI



Fungueni Biblia zenu katika Yona, sura ya kwanza, mstari wa tatu. Habari yenyewe mnaijua. Nabii aliyetumwa Ninawi aliteremka bandarini Yafa, akatafuta chombo cha kwenda Tarshishi, na nauli akailipa yeye mwenyewe. Mstari huu tumeusoma mara nyingi, na macho yetu yalikuwa yakiruka neno hilo la nauli. Mwezi wa Julai 2024, katika kambi ya mafunzo, lilitusimamisha.

Mnafahamu kwamba watu tisa wa kwetu walichaguliwa kwenda Ubelgiji na Ufaransa kwa kazi ya Injili, kutembelea waaminifu wetu walio huko na kuhubiri kwa wasiotujua. Siku 90, sababu viza ya Schengen ya matembezi haipiti siku 90 ndani ya siku 180. Kabla ya safari waliwekwa kambini majuma matatu nje ya Lubumbashi, na sisi mashemasi wanne tulipewa kazi ya kuwalinda na kuwahudumia.

Kulikuwa na waliouliza: kambi ya nini? Roho Mtakatifu hana shule. Ndugu, someni Matendo ya Mitume 13. Barnaba na Sauli waliitwa na Roho mwenyewe, na hata hivyo kanisa la Antiokia lilifunga na kuomba kwanza, ndipo likawawekea mikono na kuwaacha waende. Na Wagalatia 1 inatuambia kwamba Paulo baada ya kuitwa alikwenda Arabuni, na miaka mitatu ilipita kabla hajapanda Yerusalemu. Tena tutazame hapa kwetu. Wamisionere wa Kibatisti wa Uingereza walifika nchi ya Kongo mwaka 1878, na wengi wao walizikwa mapema kwa homa. Bidii walikuwa nayo, lakini mbu hawakumjua. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipoonyesha kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Basi sisi tunaokwenda kwao tusiende kama vipofu.

Kambi ilianza Julai kwa makusudi, wakati baridi ya Katanga inauma. Saa kumi ya usiku kengele, maombi bila viatu kama ilivyo desturi yetu, kisha maji kisimani. Bukari na sombe tulikula siku za kwanza, halafu juma zima mkate na supu, ili tumbo lizoee. (Tumbo la shemasi mmoja halikuzoea, tunakiri.) Asubuhi Kifaransa, na salamu za Kiflamani kwa ajili ya upande ule wa Ubelgiji. Mchana mwalimu mmoja aliyeishi huko alieleza mambo madogo: kwamba mtu asiyekusalimu njiani hajakutukana, kwamba hauingii nyumba ya mtu bila kupatana saa, kwamba ndani ya gari-moshi hatuimbi, hata kama Roho anatuchemsha. Kila mmoja alipimwa, akapata kadi ya homa ya manjano.

Lakini jambo lililotushika zaidi lilikuja juma la kwanza, jioni, wakati mzee mmoja alipotukatalia kutumia neno kambi ovyo. Alisema: mababa zetu waliijua kambi nyingine. Papa Simon Kimbangu alianza kazi tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule hakimu wa Wabelgiji alimhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa hapa, Elisabethville, akakaa gerezani mpaka tarehe 12 Oktoba 1951 alipofariki. Miaka 30. Waaminifu wake walitolewa vijijini mwao, baba, mama na watoto, wakatawanywa katika kambi za mbali, mojawapo Lowa kando ya Lualaba. Hakuna aliyewapa mafunzo wala sanduku. Na katika kambi hizo waliomba, wakaimba, na wenyeji wakasikia Injili. Mzee akanyamaza, kisha akawauliza wale tisa: ninyi mnakwenda kwa Wabelgiji na tikiti ya kwenda na kurudi. Mnakwenda kuwaambia nini? Usiku ule tuliomba kwa ajili ya Ubelgiji. Kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza, na haikuwa rahisi midomoni.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limeleta manung'uniko kati yenu, maana tunayasikia. Walichaguliwa tisa na wanaondoka wanane. Mnasema mashemasi wana wivu. Tutaeleza, lakini jina la ndugu hatulitaji, na tunaomba nanyi msilitafute.

Jumapili ya pili ilikuwa siku ya kutembelewa. Mke wa ndugu mmoja alikuja na soksi alizofuma mwenyewe kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Akamwuliza shemasi mama mmoja, kwa moyo mweupe kabisa: mwisho wa mwezi tunatoka katika parsele, aliyeinunua anataka kuingia, je, nyumba ambayo kanisa litatupa mimi na watoto iko upande gani?

Hakukuwa na nyumba. Ndugu yetu alikuwa ameuza parsele na paa lake, na sehemu ya feza alikwisha kumpa mtu fulani aliyemwahidi karatasi za kubaki kule. Mtu anayerudi baada ya siku 90 hauzi mahali anapolala mke wake.

Tulijua, na siku tatu tulinyamaza. Hapa ndipo dhambi yetu, na tunaiandika ili ijulikane. Ndugu huyu ndiye aliyekuwa na Kifaransa kizuri kuliko wote, ndiye aliyehubiri mpaka watu wakalia. Tena mmoja wetu alisema neno lililotufurahisha sana: Yona naye alikimbia, na Mungu alimshika baharini, tumwache apande ndege, Mungu atamshika huko huko. Tulilala na neno hilo kama mto wa kichwa.

Shemasi mama ndiye aliyetuamsha. Alisema: mnasoma juu ya samaki, mstari wa tano mmeuacha. Dhoruba ilipokuja Yona alikuwa amelala chini. Waliotetemeka ni wapanda-chombo, watu ambao hawakumkosea Mungu katika jambo lile, na mizigo iliyotupwa baharini ilikuwa ya chombo chao. Nauli Yona aliilipa yeye, hasara wakaichukua wengine. Huyu mama mwenye soksi ni nani katika habari hii? Na wale wanane? Akijificha mmoja, ubalozi utawaamini wengine namna gani, na vijana watakaoomba mwakani?

Tulikwenda kwa ndugu usiku huo, sisi wanne na Papa Mchungaji. Hakukana. Alituuliza swali moja: miaka 11 natafuta kazi na diploma yangu, mnataka nirudi kwa kitu gani? Hatukuwa na jibu, na hatukutunga jibu. Kati yetu yuko aliyekiri pale pale kwamba kama jina lake lingekuwa kwenye orodha, wazo hilo hilo lingemtembelea. Hatumhukumu mtu anayetafuta mkate Ulaya. Watoto wetu wengi wako huko, wanafanya kazi, wanatuma feza za shule na za dawa, Mungu awabariki. Anayetaka kwenda kutafuta kazi aseme anakwenda kutafuta kazi. Tulichokataa ni kutumia mkono wa kanisa uliowekwa kichwani kama mlango wa nyuma, na kumwacha mwanamke nje na uongo wa nyumba.

Papa Mchungaji alimpa njia mbili: arudishe feza, parsele irudi, naye aende kama wengine, au abaki. Yule wa karatasi hakurudisha hata franka moja. Ndugu akabaki.

Sikieni na hili, maana halikufika kwenye manung'uniko yenu. Hakutoka kambini. Juma lote la mwisho aliendelea kuwafundisha wale wanane Kifaransa, akachota maji, akafua. Siku ya kuwekewa mikono alisimama nyuma, karibu na mlango, na wenzake walipomwona walimvuta mbele aombe pamoja nao. Kumbukeni Yohana Marko. Katika Matendo 13 aliacha safari na kurudi Yerusalemu, na kwa sababu yake Paulo na Barnaba waligombana katika sura ya 15. Lakini katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo mfungwa anaomba aletewe Marko, maana anamfaa kwa kazi. Kwa hiyo mkikutana na ndugu yetu njiani, msalimieni. Msimwulize.

Wanane wanaondoka mwezi wa Septemba, kupitia Kinshasa. Bado wanahitaji makoti mawili ya wanaume na moja la mama mnene.

Kuhusu parsele: aliyeinunua si wa kanisa letu, lakini ni mtu wa kusikia. Amekubali kungoja mpaka mwisho wa Oktoba ili arudishiwe feza yake yote. Nusu iko bado mikononi mwa mama. Nsinsani kwa ajili ya nusu nyingine itaanza Jumapili ijayo baada ya ibada, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na sisi mashemasi wanne tutatoa kwanza, mbele yenu, kwa sababu ya zile siku tatu.