Chumba cha Watoto na Suala la Kucheza

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu juu ya wazee wanaowasomesha watoto wao wadogo nyumbani, wakawatengea chumba, na baada ya somo wakawafundisha kucheza kwa mikono na miguu. Je, huko si kucheza ngoma, na ngoma si haramu?

Twasema: kitu hakiharimishwi kwa jina lake. Ubaya wa ngoma za mjini ni ulevi, na wanaume kuchanganyika na wanawake, na kukesha hata Sala ya Alfajiri ikapita. Na mtoto wa miaka mitano hana hata moja katika hayo. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akamsitiri Bi Aisha hali akiwatazama. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, ataka mtoto atokapo chuoni aachwe acheze, kwani kumzuia huua moyo wake na huzima akili yake, hata akatafuta hila ya kuikimbia elimu. (Na katika hao wakatazao, wamo tuliowaona Lamu siku za Maulidi wakicheza kirumbizi!)

Linalotushughulisha zaidi ni hicho chumba. Katika nyumba zetu nyingi sebule imepambwa kwa viti vya thamani, ikafungwa kwa ufunguo, yangoja mgeni. Na mtoto asoma ngazini, daftari juu ya goti, mama akimruka na sufuria ya moto. Mgeni mwenyewe huja Idi mbili, akanywa kahawa, akaondoka. Twapenda wenye nyumba watujibu: ni fatwa gani iliyompa huyo chumba, ikamnyima mwana?